Uzi: Macho yakishageuka manjano usikae nyumbani na juisi ya miwa

UmmuK_Kisauni (mwenye uzi), Jumamosi usiku

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Juzi kwenye matanga hapa Mishomoroni nlikuwa nimekaa mkekani nkamsikia mama mmoja akimwambia mwenziwe kijana wake macho yamekuwa manjano wiki ya pili hii, lakini yuwampa juisi ya miwa asubuhi na jioni na "anaendelea vizuri", na wamama wote pale wakaitikia kwa kichwa. Mimi nkanyamaza kwa vile ni matangani na yule mama simjui. Usiku sikulala. Basi yale ambayo ningemwambia nayaandika hapa, ni marefu nawaomba msome pole pole.

Kwanza ile rangi inatoka wapi. Inatoka kwenye damu yako mwenyewe. Chembe nyekundu za damu zinaishi kama siku 120 hivi, zikizeeka mwili unazivunja na zikivunjwa inatoka rangi ya manjano inayoitwa bilirubini. Hii iko kwa kila mtu kila siku, mimi na wewe. Ini linaipokea, linaibadilisha iweze kuyeyuka kwenye maji, linaimimina kwenye nyongo, nyongo inashuka utumboni, na ndio hio inayokipa choo ile rangi yake ya kahawia. Sasa mtu akiwa manjano maana yake ile rangi imebaki kwenye damu, haikutoka.

Daktari mmoja alinifahamisha kwa mtaro wa mtaani kwetu na mpaka leo sijasahau. Mvua ya mwezi wa tano ikishuka kwa wingi mtaro unafurika hata kama ni msafi. Mvua ikiwa ya kawaida lakini mwenye kuusafisha ni mgonjwa, utafurika. Na hata mvua iwe ndogo na msafishaji yupo, mtu akienda akatupa godoro pale kwenye kalvati, utafurika. Wewe ukiyaona maji mlangoni kwako bado hujui ni lipi kati ya hayo. Basi na manjano ni hivo: ama damu inavunjika kwa kasi kuliko ini linavyoweza (malaria kali, siko seli, damu ya mtoto kutopatana na ya mama), ama ini lenyewe linaumwa (homa ya ini ya virusi, pombe, dawa, miti shamba mingine), ama njia ya nyongo imeziba (vijiwe, uvimbe). Tiba ya moja si tiba ya nyingine, na hio juisi ya miwa haigusi hata moja.

Najua mtu atakuja kusema "lakini mjomba wangu alikunywa miwa akapona." Alipona kweli, sikatai. Homa ya ini aina ya A, ile ya kuambukizwa na maji na chakula kichafu, kwa watu wengi inaondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Kwa hivyo mtu akipewa miwa atapona, akipewa madafu atapona, asipopewa kitu atapona. Miwa ikapata sifa. Sasa anakuja wa pili ambaye yeye njia ya nyongo imeziba, anapewa ile ile miwa ya mjomba, na wiki zinakwenda.

Hebu niwape kitu cha kufanya leo leo bila shilingi. Angalia mkojo na angalia choo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea au kama kola, ujue ile rangi inapita kwenye mafigo kwa sababu njia yake imeshindikana. Choo kikiwa cheupe, cha rangi ya udongo wa kupakia nyumba au unga wa ugali, ujue nyongo haifiki utumboni. Hivi viwili vikikutana pamoja na kuwashwa mwili mzima, usiku unajikuna mpaka unatoka alama, hapo usingoje. Na sisi watu weusi ngozi haionyeshi haraka, angalia weupe wa jicho, nje kwenye mwangaza wa mchana, na ufizi, na viganja. Usiku kwa balbu huoni kitu. Nasema hivi kwa sababu yalinipata.

Mwanangu wa mwisho alizaliwa Alhamisi. Jumamosi usiku nyanyake akasema "mbona mtoto kama amepakwa bizari," nkamwambia ni hio taa mama, chumba chetu kilikuwa na ile balbu ya zamani ya mwanga wa manjano. Jumapili asubuhi nkampeleka dirishani, nkamfinya kidogo na kidole juu ya pua, nkaachilia. Pale kidole kilipotoka, kabla damu hairudi, ngozi ilikuwa manjano kama embe dodo. Nkafinya kifuani, manjano. Nkafinya unyayo, manjano. Na tangu alfajiri nilikuwa namwamsha anyonye halafu analala na ziwa mdomoni. Tulikimbia. Alikaa chini ya taa za buluu siku nne na daktari alishatuambia taa zisiposhusha itabidi abadilishwe damu.

Sababu tulikuja kuijua baadaye sana, ntaieleza nikipata nguvu. Karibuni.

Kijana_wa_Feri

Shukran dada nafuatilia. Swali moja, hii si ndio ile homa ya manjano mtu anachanjwa akisafiri? Mi jirani yangu alikuwa hivo na tukaogopa kuingia kwake tukadhani itatuambukiza

UmmuK_Kisauni

Hapana kaka, na majina haya yanatuponza sana. Homa ya manjano ni ugonjwa mmoja maalum, virusi vinavyoletwa na mbu, na ndio ile chanjo ya sindano moja na kile kikadi cha manjano cha wasafiri. Kenya ilitokea mwaka 2022 kule Isiolo. Inaweza kumfanya mtu awe manjano ndio, lakini wengi mnaowaona Mombasa na macho ya manjano hawana hio. Wazee wetu walikuwa wakisema safura, sasa hospitali safura ukiitaja wanafikiria minyoo ya kunyonya damu. Kwa hivyo ukifika kwa daktari usimpelekee jina, mwambie nilichoona ni hiki, kimeanza siku fulani, mkojo uko hivi, choo kiko hivi, nimekunywa dawa hizi.

Na jirani yako kukaa naye hakukuambukizi. Ile rangi haiambukizi. Kinachoweza kuambukiza ni kilichoisababisha na hio inategemea ni nini.

nasi_zamu_ya_usiku

Asante kwa huu uzi. Mimi ni nasi, nimekaa nasari ya watoto wachanga miaka mingi, naongeza upande wa watoto kwa sababu hapa ndipo tunapoteza watoto ambao hatukustahili kupoteza.

Watoto wengi huwa manjano wiki ya kwanza, kama 6 kati ya 10 waliotimia miezi na kama 8 kati ya 10 waliozaliwa kabla ya wakati. Wengi ni ya kawaida, inaanza siku ya pili au ya tatu, inaondoka ndani ya wiki mbili, sababu ni kwamba ini la mtoto bado halijazoea kazi. Hio dawa yake ni kunyonya, mara 8 mpaka 12 kwa siku, kwa vile ile rangi inatoka na choo na asiponyonya hapati choo. Maji ya glukosi hayasaidii, yanamjaza tumbo anakataa ziwa.

Ile ya kutisha ni hii: mtoto kuwa manjano ndani ya saa 24 za kwanza. Hio haina kawaida kabisa, hata kama ananyonya vizuri. Mara nyingi ni damu kugombana, mama ni hasi na mtoto ni chanya, au mama ni O na mtoto ni A au B. Kina mama ambao kundi lenu la damu ni hasi, kuna sindano inatakiwa mchomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto akiwa chanya, iulizeni, isisahaulike.

Na kwa nini tunakimbizana hivi. Bilirubini ikizidi sana kwa mtoto mchanga inaingia kwenye ubongo na ikishaingia haifutiki. Mtoto anaanza kulegea, hanyonyi, analia sauti nyembamba ya juu, halafu anajikunja mgongo kwenda nyuma. Wanaobaki hai wanaweza kubaki na uziwi na viungo visivyotii. Nimewaona, na wengine mama zao walikuwa wameambiwa "muote jua tu".

Bi_Tudor

Na jua basi vipi? Manake sisi sote tulioteshwa jua na tukakua. Kliniki fulani mwaka jana walinambia nimuoteshe jua asubuhi tu na nirudi baada ya wiki mbili

nasi_zamu_ya_usiku

Jua lina ile rangi ya mwanga inayofanya kazi, hio ni kweli, na ndiko taa zilikoanzia. Miaka ya 1950 hospitali moja kule Essex, Uingereza, nasi aliyependa kuwatoa watoto nje juani aliona mtoto mmoja manjano imepungua mwili mzima isipokuwa pembe tatu iliyokuwa imefunikwa na shuka. Madaktari wakafuatilia, mwaka 1958 wakaandika, ndio tukapata taa. Mwanga wa buluu unabadilisha umbo la bilirubini kwenye ngozi ikaweza kutoka kwa mkojo na choo bila kungoja ini.

Lakini jua la Mombasa huwezi kulipima. Mtoto uchi saa nne asubuhi anaungua na anakaukiwa maji, na ukimtoa dakika kumi ukamrudisha ndani hio ni kama hujafanya kitu kwa mtoto ambaye namba imepanda. Chini ya taa anakaa masaa, uchi, macho yamefunikwa, anatolewa kunyonya tu. Kumuotesha jua mtoto ambaye hajapimwa, na kumwambia mama arudi baada ya wiki mbili, mimi nasema wazi hilo lilikuwa kosa. Pole sana mamangu.

Kijana_wa_Feri

Duh. Nimeweka kambi hapa

UmmuK_Kisauni

Basi nieleze ya kwangu sasa. Mwanangu alipofika miezi mitatu wakampima kitu kinachoitwa G6PD, ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike ovyo. Walingoja kwa sababu ukipima wakati damu ndio inavunjika majibu yanaweza kudanganya. Kinapungua kwa watu wengi wa sehemu zenye malaria, na pwani yetu hii kiko, na kinashika zaidi watoto wa kiume na hutoka kwa mama. Kwangu mimi. Mtu mwenye upungufu huo anaishi maisha yake kama kawaida mpaka akutane na kitu kinachovunja zile chembe: dawa fulani fulani, maharagwe mapana yale ya ful, na hivi viwili ambavyo naomba kila mama wa Mombasa avisikie.

Cha kwanza zile tembe nyeupe za nafthalini tunazotia kwenye sanduku la nguo zisiingie wadudu. Nguo za mwanangu zilikuwa za kakake, zimekaa sandukuni miaka minne na zile tembe, nkazitoa nkamvika. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima na mimi nkaipenda, ilikuwa harufu ya nyumbani kwa mamangu. Cha pili hina. Siku ya pili nyanyake alimpaka hina kwenye nyayo na viganja, kama tulivyopakwa sisi wote. Hina ina kitu ndani yake kinachopenya ngozi nyembamba ya mtoto, na kwa mtoto mwenye upungufu huu kinavunja damu.

Sijamlaumu mamangu hata siku moja na naomba asilaumiwe nyanya yeyote. Hawakuambiwa. Lakini sasa tunajua, kwa hivyo hina tumuache mpaka akue na ajulikane, na nguo za sandukuni zifuliwe, zianikwe juani na upepo mpaka harufu iishe kabisa, na hata zile tembe zenyewe mimi sizitii tena nyumbani kwangu.

Bi_Tudor

Subhanallah. Hina. Mimi watoto watano wote nimewapaka.

Mzee_wa_Kibokoni

Wanangu, nimesoma yote. Zamani mtu akiwa na safura tulikuwa tunamwandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, inaoshwa na maji ya waridi anakunywa. Na wengine shubiri, na wengine maji ya mwarobaini machungu. Nauliza kwa nia njema, je tuliwadhuru watu?

UmmuK_Kisauni

Shikamoo mzee wangu. Kombe mimi mwenyewe nimelinywa na nitalinywa tena, ni dua na halina ubaya, ila kombe linywewe na safari ya hospitali iwe pale pale. Kinachonipa wasiwasi ni dawa za kuchemsha, nasi atanisahihisha.

nasi_zamu_ya_usiku

Shikamoo mzee. Kila kinachoingia tumboni kinapita kwenye ini, na ini likiwa linaumwa ni kama mpagazi aliyevunjika mkono, wewe unamuongezea gunia. Miti mingine inaliua ini kabisa, na anayeiuza hawezi kukwambia ameweka nini na kiasi gani. Kwa watoto wadogo mafuta ya mwarobaini ni sumu, hilo msijaribu. Na tusiwasingizie waganga peke yao, dawa za dukani pia: panadoli kwa mtu mzima mwenye afya haipasi kuzidi 8 za miligramu 500 kwa siku moja, ukizimeza kama njugu ini linakufa, na kwa mwenye ini gonjwa kiasi kinashuka zaidi. Wanaotumia dawa za kifua kikuu wakiona macho yamebadilika warudi kliniki siku hio hio, zile dawa zinajulikana kwa hilo na zinaweza kubadilishwa.

Mzee_wa_Kibokoni

Marahaba wanangu. Nimefahamu. Mungu awazidishie.

Baba_Changamwe

Mimi nachangia upande mwingine, mimi sikuwahi kuwa manjano hata siku moja. Nlikwenda kutoa damu, kakangu alikuwa afanyiwe upasuaji, wiki mbili baadae nkapigiwa simu nkaambiwa damu yako haitatumika una homa ya ini B njoo tuzungumze. Nkaanza kulia pale kazini. Sina dalili, nabeba mizigo, nakula

Nlichojifunza ni kwamba hii B wengi tuliipata tukiwa wachanga kutoka kwa mama au tukiwa wadogo, na mtoto mchanga akiipata 9 kati ya 10 inabaki naye maisha, mtu mzima akiipata wengi wanaifukuza wenyewe. Inakaa kimya miaka 20, 30, inachoma ini pole pole mpaka linakuwa gumu au inatoka saratani, na huo wakati ndio unaona manjano, umechelewa. Mimi nimepimwa, napimwa kila miezi 6, kuna wenzangu pale kliniki wanameza dawa moja kwa siku na wanaishi. Mke wangu alipimwa hana akachanjwa sindano tatu. Watoto walikuwa wamechanjwa zile za wiki ya 6, 10 na 14 imo ndani yake. Na C siku hizi ina tembe za wiki 8 mpaka 12 inapona kabisa watu wengi sana

Ile ya B aliigundua Baruch Blumberg, Mmarekani, mwaka 1965 alikuwa anachunguza damu ya Mwaborijini wa Australia hata hakuwa akiitafuta. Alipewa Nobel mwaka 1976, na siku ya homa ya ini duniani ni 28 Julai siku aliyozaliwa. Mimi siku hio huwa nawaambia vijana wa kazini twende tukapimwe, hawapendi lakini huwa nawaambia

Kijana_wa_Feri

Heko kaka kwa kusema wazi. Na kwa kula sahani moja inaambukiza?

Baba_Changamwe

Hapana. Kula pamoja, kupeana mikono, kukohoa haiambukizi B. Ni damu na kulala pamoja na mama kwa mtoto. Wembe, mswaki, sindano, hivyo ndio usishiriki. Kinyozi wako mwambie aweke wembe mpya mbele ya macho yako

A na E ndio za kula na kunywa. Haya maji yetu ya visima vya mtaani choo cha shimo kiko hatua kumi kutoka kisimani, mvua ikinyesha vyote vinakuwa kitu kimoja. Hata ile miwa ya barabarani, mashine imefutwa na kitambaa kile kile tangu asubuhi na barafu hujui imetoka maji gani. Mgonjwa anaifuata ya kumponya kumbe ndio iliyompa

nasi_zamu_ya_usiku

Na E kwa mama mjamzito wa miezi ya mwisho ni hatari kubwa, inaweza kuua mpaka mmoja kati ya wanne au watano. Mlipuko ulitokea kambi za Dadaab mwaka 2012. Mjamzito akiwa manjano hakuna kungoja asubuhi, chemsheni maji yake yote ya kunywa na mpelekeni.

Binti_Mtwapa

Sijawahi kuandika jambo hili mahali. Babangu alianza kuwa manjano baada ya Ramadhani. Haumwi popote. Hicho ndicho kilichotudanganya, kila tukimwuliza anasema "siumwi, nawashwa tu". Alikuwa anajikuna na kigunzi cha hindi. Suruali ilikuwa inamwanguka tukasema ni funga. Tulikwenda kwa watu wanne tofauti, mmoja alimchanja chale, mmoja alimpa unga wa kahawia wa kukoroga na asali. Miezi mitatu. Altrasaundi ya kwanza ndio ikaonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, umebana mfereji wa nyongo. Walimwekea kijibomba cha kupitisha nyongo na kuwashwa kukaisha siku chache tu, alilala usingizi ambao hakuwa amelala tangu mwezi wa nne. Alifariki mwezi wa kumi na moja.

Nataka tu kusema manjano isiyouma kwa mtu mzima anayekonda, msiseme afadhali haumwi.

UmmuK_Kisauni

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole mpenzi, pole sana. Mungu amrehemu baba. Ahsante kwa kutuandikia.

Na ile ya vijiwe vya nyongo inakuja tofauti, ile inauma, chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya biriani na vya mafuta. Shangazi yangu alikuwa nayo, akatolewa kijiwe kwa mpira wa kupitishwa mdomoni halafu mfuko wa nyongo ukaondolewa na leo yuko sokoni Kongowea anauza nazi. Lakini ikija homa na kutetemeka juu ya yale maumivu na manjano, hio ni usiku ule ule, usaha unaingia kwenye damu.

Dada_Likoni

Samahanini nimesoma tangu juu na mwili unanitetemeka. Mdogo wangu ana mtoto wa siku 25. Ni manjano tangu wiki ya kwanza, haijaondoka. Ananyonya vizuri, ameongezeka, hana homa, tumeambiwa ni ya maziwa ya mama itaondoka. Lakini choo chake ni cheupe. Si cheupe sana ni kama krimu, kama uji wa mchele. Mkojo unatia doa la manjano kwenye nepi. Je ni kawaida?

nasi_zamu_ya_usiku

Dada naomba unisikilize. Ya maziwa ya mama ipo kweli, lakini mtoto wake anakuwa na choo cha haradali na mkojo usio na rangi. Mtoto manjano aliyepita siku 14 lazima apimwe damu, na bilirubini igawanywe mara mbili, ile ya kabla ya ini na ile iliyopita kwenye ini. Choo cheupe na mkojo wa manjano kwa mtoto wa siku 25, tunaogopa mifereji ya nyongo kutokuwepo au kuziba. Mtoto huwa anaonekana mzima, anacheka, anaongezeka, na ndani ini linaharibika. Kuna upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini, aliuanzisha daktari Kasai wa Japani miaka ya 1950, lakini unafaa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Mpaka apimwe, apelekwe kwa wataalamu wa upasuaji wa watoto, hizo siku ni chache. Huenda ikawa kitu kingine na naomba iwe kitu kingine. Kesho mpelekeni Coast General, msipite kliniki ndogo.

UmmuK_Kisauni

Dada wa Likoni, piga picha ya choo mchana kwenye mwanga wa jua, na beba nepi yenyewe. Daktari akiambiwa "cheupe" kila mtu ana cheupe chake, akikiona mwenyewe hatabishana. Andika tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu la mama, na uulize kama alichomwa vitamini K alipozaliwa, manake mtoto wa namna hii anatoka damu kirahisi. Nani atakwenda nao? Mdogo wako asiende peke yake.

Dada_Likoni

Mimi ntaenda. Mumewe yuko safari. Mamangu anasema tungoje afike arobaini atolewe nje kwanza

Mzee_wa_Kibokoni

Mwambie mamako kuna mzee hapa Kibokoni anamsalimu, na anasema arobaini haimzuii mgonjwa. Mpeleke.

Bi_Tudor

Ukivuka feri niandikie inbox nikupokee na tuktuk, mimi si mbali.

Baba_Changamwe

Tuko nanyi

Dada_Likoni, Jumatatu, saa tano asubuhi

Tulivuka na feri ya kwanza. Bi Tudor alitupokea, Mungu ambariki. Nepi niliifunga ndani ya leso, daktari alipoifungua hakusema kitu akaita mwenziwe naye akaangalia. Wamechukua damu chupa mbili, wamesema wanataka zile namba mbili kama nasi alivyoandika. Altrasaundi ni saa nane, mtoto asinyonye masaa manne kabla, sasa hivi analia na mdogo wangu ametoka nje asimsikie. Nimembeba mimi.